UZI: Ubeti mmoja wa nyanya, tuupitishe kwenye ushairi, muziki na jukwaa

Kwapi_na_Tao (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mitihani ikikaribia zinamiminika humu nyuzi za "naombeni misingi ya ushairi", "naombeni vipengele vya muziki", "tamthilia ina sehemu ngapi". Wanaojibu wanabandika orodha, muulizaji anashukuru, uzi unakufa. Sina ugomvi na orodha. Lakini nimeona watu walioikariri yote, ukiwapa ubeti wausome mbele ya darasa unawafia mdomoni.

Hoja yangu ni hii: sanaa hizi tatu vitabu vinazitenga kwa sura, wakati zote zinaishi mahali pamoja, kwenye pumzi na muda. Picha ukutani utaiangalia ukitaka hata saa nzima. Wimbo, shairi na igizo vinapita, na usipoviwahi vimekwenda. Kwa hiyo kila kanuni yake, iwe mizani, mapigo au zamu ya kusema, ni namna ya kuupanga muda ili msikilizaji asikuache njiani.

Badala ya kubishana hewani naweka ubeti, tuufanyie kazi. Ni ngonjera, yaani shairi la kujibizana, mteja na muuza nyanya. Mteja anaanza:

*Nyanya hizi za sokoni, mbona bei inapaa,*
*Juzi fungu mkononi, mia tano lanifaa,*
*Leo bei i angani, nyanya mbovu zimejaa,*
*Punguza, nina mgeni, asije kulala njaa.*

Muuzaji anajibu:

*Shamba liko mlimani, na mvua imekataa,*
*Lori nalo li njiani, siku tatu lazubaa,*
*Nikushushie kwa nini, hasara ikinivaa?*
*Nami ninaye mgeni, mwenye nyumba, amekaa.*

Kwa wanafunzi, haraka haraka: mishororo minne kila ubeti, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani (silabi zinazotamkwa) nane kwa nane. Kina cha kati ni *ni*, cha mwisho ni *aa*. Mshororo wa nne unabadilika kila ubeti, kwa hiyo ni kituo. Ungerudiwa vilevile tungeuita kibwagizo. Ukipunguza mishororo ikawa mitatu ni tathlitha, ukiongeza ikawa mitano ni takhmisa. Hayo mengine yako vitabuni.

Karibuni.

Mzee_wa_Kahawa

Naweka kambi hapa. Kahawa chungu na kashata viko pembeni.

Hesabu_Kali

Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mshororo wa tatu. "Nyanya mbovu zimejaa": nya-nya-m-bo-vu-zi-me-ja-a. Tisa hizo. Hiyo ni guni, shairi lililokosea mizani.

Bi_Mkubwa_Tanga

Hesabu_Kali mwanangu, punguza ukali. Hapo *mbovu* ni mizani mbili, mbo-vu, kwa sababu inazungumzia nyanya. Ungesema "mtu mbovu" ndiyo ingekuwa tatu, m-bo-vu, maana ile *m* ya mtu inasimama peke yake na kupigwa. Herufi ni zilezile, lakini mdomo haufanyi kazi ileile. Ndiyo maana *mvuvi* ni tatu na *mvua* ni mbili, na ndiyo maana mleta uzi kaweka "na" kabla ya mvua. Bila hiyo angepungukiwa.

Sisi tulifundishwa kugonga meza. Sema neno taratibu, gonga kila sauti inapofunguka. Ukihesabu kwa macho utadanganyika kila siku, maana mizani ni mambo ya sikio tangu mwanzo.

Hesabu_Kali

Shikamoo Bi mkubwa. Nimegonga meza, nimepata nane. Mke wangu kauliza kuna nini.

Fundi_Udi

Nimevutwa na huu uzi. Mimi napiga udi kwenye kikundi cha taarab asilia, kwa hiyo nitasema upande wa muziki, na nitasema kwa huu huu ubeti.

Orodha ya darasani inasema: mdundo, mwendo, kiimbo, upatanifu wa sauti, rangi ya sauti, nguvu ya sauti, muundo. Sawa. Sasa nikipewa hizi beti naanzia wapi? Naanzia kwenye vina. Silabi ya mwisho ya kila kipande ndiyo naiangushia pigo zito la ngoma ya dumbak, lile la katikati ya ngozi tunaloliita *dum*, kisha mwimbaji anaivuta. Ukisema kawaida, mkazo wa "sokoni" uko kwenye *ko*. Ukiimba, ninaiachia *ni* iende, soko-niiii, na fidla zinaingia hapo kumjibu mwimbaji kabla hajashika utao. Kwa hiyo ile nafasi kati ya ukwapi na utao, ambayo kwenye karatasi ni koma tu, kwangu ni mlango wa ala kuingilia.

Na hongera kwa kuchagua *aa*. Irabu pana mwimbaji anaimiliki. Mtunzi akiniletea kina cha mwisho *mu* au *vi*, nitaimba, lakini koo linabanwa pale hasa ninapotaka lifunguke.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hawaambiwi: kwa nini kiimbo kimoja kinabeba beti kumi bila kugombana na maneno? Kwa sababu Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kwenye lugha kama Kihaya au Kiyoruba, ukiipandisha silabi isiyopaswa kupanda unaweza kubadili maana, kwa hiyo mtunzi wa muziki anafuata njia ya lugha. Sisi tuko huru. Ukishahakikisha nane kwa nane, ubeti wa kwanza na wa kumi vinapita mlango uleule. Mizani ndiyo inayomlipa mwanamuziki.

Kijana_wa_Singeli

Mkuu Fundi, na upatanifu je? Kwenye kwaya kuna soprano, alto, tena, besi. Taarab mbona nasikia kama wote wanapiga kitu kimoja?

Fundi_Udi

Umesikia vizuri. Kwenye taarab ya kale ya Unguja, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), nai (filimbi) na fidla zinafuata kiimbo kimoja, ila kila mmoja anakipamba kwa mkono wake. Kanuni inamwaga noti ndogondogo, nai inavuta, mimi naacha mashimo. Raha inatoka kwenye zile tofauti ndogo, kwaya inaipata kwa kurundika sauti nne.

Sababu nyingine ni makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Tunatumia ngazi kama rast na bayati zenye noti zinazoangukia katikati ya vibonye vya piano. Udi hauna vigawanyo shingoni, kidole kinakwenda popote, kwa hiyo tunazipata. Ukizirundikia kodi za gitaa zinapoteza ladha. Mambo haya yalitufikia kwa njia ya Misri, enzi za Sultan Barghash, na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, ndivyo vilivyoyatunza.

Na muda mnaouzungumzia si wa pumzi tu. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba dakika tatu hivi. Usiku wa harusi wimbo mmoja unaweza kwenda hadi watu wachoke kutunza. Ukiwa na dakika tatu inabidi uamue ni beti zipi zife. Mtunzi na fundi wa mashine wanakaa meza moja hapo, wapende wasipende.

Kijana_wa_Singeli

Sasa naomba mseme na sisi wa uswazi. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hakuna cha nane kwa nane. Ina maana hatuna misingi?

Kwapi_na_Tao

Mnayo, tena migumu. Sikiliza MC mzuri wa singeli: ngoma inakimbia, lakini yeye hapandi kila pigo. Anapanda moja, anaruka moja, na mwisho wa sentensi anakutua na kina palepale ngoma inapokatika. Kwa mwendo ule vina vinafanya kazi ya alama za barabarani. Maneno mengine yanaweza kukupita, lakini ukisikia kina unajua wazo limefika. Akikosa kina utasikia kelele tu.

Mwenye_Jukwaa

Nimekaa kimya nikisubiri mtu aseme kuhusu jukwaa, naona mnaimba tu. Haya.

Kwenye maigizo watu wanaorodhesha wahusika, msuko (mpangilio wa matukio), mgogoro, mazungumzo, mandhari, maleba (mavazi). Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, alitaja sita: msuko, wahusika, fikra, lugha, wimbo, na mambo ya kutazamwa. Angalieni: wimbo aliuweka ndani ya tamthilia, kwa sababu tanzia za Wagiriki ziliandikwa kwa mizani na kulikuwa na kundi la waimbaji jukwaani. Mtenganisho huu wa sura tatu ni wa mitaala. Na yale ya kutazamwa, nguo na mapambo, aliyaweka mwisho kabisa, wakati vikundi vingi vya mtaani bajeti yao yote inaishia hapo.

Mimi nikipewa ngonjera ya mleta uzi siangalii vina kwanza. Nauliza: huyu anataka nini, na nani anamzuia? Mteja anataka nyanya kwa bei ya juzi. Muuzaji anataka kodi. Hakuna mwovu hapo, na hilo ndilo linalonipa igizo, kwa sababu mtazamaji hajui amuonee nani huruma.

Ona neno "mgeni". Mteja analitumia kama silaha ya kuomba: nina mgeni, asije kulala njaa. Muuzaji analipokea neno hilohilo na kulirudisha: nami ninaye, mwenye nyumba, amekaa. Jukwaani nitamwambia muuzaji asijibu upesi. Mteja akimaliza "njaa", muuzaji achukue kopo, anyunyizie mchicha maji, apange fungu la nyanya moja juu ya tatu, ndipo aanze "Shamba liko mlimani" bila kumtazama. Macho yainuke mara moja tu, kwenye "Nami ninaye mgeni". Ikifanyika hivyo, ukumbi utacheka kisha utanyamaza, na huo unyamavu ni sehemu ya tamthilia kama ilivyo sentensi.

Tofauti na Fundi Udi, mimi hapo kwenye koma sitaki fidla. Nataka kimya.

Fundi_Udi

Kimya nacho ni muziki, mzee. Tunakihesabu.

Mwenye_Jukwaa

Mnakihesabu, sisi tunakisubiri. Wewe una pigo linalokwambia lini uingie. Mwigizaji anaingia pale mwenzake anapomlazimisha. Usiku mmoja ni sekunde mbili, kesho yake ni tano, kutegemea ukumbi unavyopumua. Hapo ndipo ndoa yetu inapovunjika kidogo.

Mpinga_Ngonjera

Samahani wakuu, lakini ngonjera? Kweli? Ngonjera ni ile ya watoto wa shule kumsifia mgeni rasmi juani. "Karibu mheshimiwa, shule yetu haina madawati." Mnaitaje hiyo tamthilia?

Bi_Mkubwa_Tanga

Kuna ukweli, ila tusichanganye chombo na walichokipakia. Ngonjera tunayoijua ilishika kasi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, aliisimamisha kama njia ya kufundisha siasa ile ya ujamaa. Muundo wake kwa hiyo ulikuwa wa darasa: mmoja hajui, mwingine anajua, wanajibizana, mwishoni asiyejua anakubali na wote wanakuwa na kauli moja. Ukishajua toka ubeti wa kwanza nani atakubali, mgogoro umekufa kabla haujazaliwa. Vina havina kosa.

Mwana_Mvita

Hodi kutoka Mombasa. Nyongeza tu: majibizano ya mashairi kwetu ni ya kale kuliko siasa hizo. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu 1840, alikuwa akitupiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ikigombana. Pale hakuna aliyekubali mwishoni! Kila mmoja alikuwa na mji nyuma yake. Mafumbo yalirushwa, mwenzako ayafumbue na ajibu kwa vina vyako vilevile, ili watu waone kwamba amekushinda ndani ya nyumba uliyoijenga wewe. Hiyo ni ngoma, shairi na mchezo wa jukwaani kwa pamoja, na baraza ndiyo jukwaa.

Hata leo shuleni huku kwetu kuna mashindano ya kughani, na waamuzi hutoa alama kwa sauti, ishara za mwili na uelewa wa shairi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na shairi zuri ajabu akaghani kama anasoma risiti. Akarudi mikono mitupu.

Mpinga_Ngonjera

Sawa, hilo la Muyaka nimelipenda. Ila bado swali: kama misingi ni pumzi na sauti, mbona kuna washairi waliotupa vina na mizani na bado tunawaita washairi? Kezilahabi na diwani yake ya Kichomi, 1974.

Kwapi_na_Tao

Swali zuri, na limewagombanisha watu kuliko nyanya zangu. Upande wa wanamapokeo, Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga, 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Kwa kipimo hicho shairi huru halina pa kusimama.

Mimi nasimama hapa: shairi huru haliukimbii muda, linaupanga kwa njia nyingine. Mshororo unakatika pale mshairi anapotaka uvute pumzi, hata kama sentensi haijaisha. Neno moja linaachwa peke yake kwenye mstari, basi hicho ni kimya cha Mwenye_Jukwaa kimeandikwa kwenye karatasi. Ukilisoma kwa sauti ukafuata mikatiko, utaona liko imara. Baya utalijua upesi: ukiondoa mikatiko na kulisoma kama habari ya gazeti, hakuna kilichopotea. Na mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani, mabaya ni mengi vilevile, vina vimetimia na ndani hamna mtu.

Bi_Mkubwa_Tanga

Mimi sikubali yote hayo. Shairi lisiloimbika naliheshimu kama maandishi mazuri, ila harusini hamtaliita. Tuendelee.

Mzee_wa_Kahawa

Na utenzi je? Mbona hamjaugusa?

Kwapi_na_Tao

Utenzi ni kipande kimoja cha shairi kilichopewa miguu mirefu: mizani nane kwa mshororo, minne kwa ubeti, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka mwisho. Muswada wa Utenzi wa Tambuka ni wa 1728, una beti zaidi ya elfu moja za vita. Kwa hadithi ndefu kama hiyo, kile kina kinachorudi kinamwambia msikilizaji kwamba hatua moja imekwisha na nyingine inaanza. Msimuliaji anapumua hapohapo. Ukiutaka kuuigiza ni rahisi, kwani wahusika wanasema wenyewe humo ndani, ila utahitaji usiku mzima.

Kijana_wa_Singeli

Wakuu nimejaribu. Mteja anajibu tena, sitaki akubali kama ngonjera za mgeni rasmi:

*Nifungie gazetini, hizo zilizosinyaa,*
*Zikiiva mchuzini, mbovu nazo zang'aa,*
*Hafiki mtu jikoni, wala hatanishangaa,*
*Wako mwache barazani, atachoka kwa kukaa.*

Msinicheke.

Mwenye_Jukwaa

Hatucheki. Huyu mteja ameacha kuomba bei, ameomba nyanya mbovu, kwa hiyo hajashinda wala hajashindwa, amebadilisha alichokitaka. Hiyo ni hatua ya msuko. Halafu mshororo wa mwisho anamshauri muuzaji jinsi ya kumkimbia mwenye nyumba! Walikuwa wanavutana, sasa ni wawili dhidi ya mtu ambaye hayupo jukwaani. Ningemleta huyo mwenye nyumba ubeti wa tano, aje kununua nyanya.

Fundi_Udi

"Atachoka kwa kukaa" inaimbika hadi asubuhi. Naomba ruhusa niichukue iwe kiitikio.

Bi_Mkubwa_Tanga

Mwanangu umetunga, hongera. Lakini gonga meza mshororo wa pili, utao. Mbo-vu-na-zo-za-ng'a-a. Saba. Umeihesabu *mbovu* tatu. Sema "mbovu nazo zitang'aa".

Kijana_wa_Singeli

Imerekebishwa Bi mkubwa. Zitang'aa.

Kwapi_na_Tao

Basi sasa ni zamu ya muuzaji, na baada yake mwenye nyumba kama alivyosema Mwenye_Jukwaa. Vina vilevile, *ni* na *aa*, nane kwa nane, na asikubali mtu bila sababu. Fundi Udi, ukipata kiimbo rekodi hata kwa simu uweke hapa. Mpinga_Ngonjera, wewe chukua mwenye nyumba.

Mpinga_Ngonjera

Mimi? Haya. Ila mwenye nyumba wangu hanunui nyanya. Anakuja na daftari la kodi.